Nyumba Ina Wenyewe, na Wenyewe Wana Mbwa

Bibi yangu hakuwa na neno "mzuka" kinywani mwake. Alikuwa akisema, "Nyumba hii ina wenyewe," na aliyasema hayo huku akichambua mchele, kwa sauti ile ile ya kukuambia kwamba paa linavuja upande wa jikoni. Nyumba yenyewe ilikuwa Pangani, ya mawe na chokaa, boriti zake zimebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee, na juu kulikuwa na chumba kisicholaliwa na mtu. Sisi wajukuu tulikatazwa kupiga mluzi usiku, kufagia baada ya magharibi, na kumwaga maji ya moto uani bila kutanguliza bismillahi, wenyewe wasije wakaungua. Zaidi ya hapo hatukuambiwa kitu. Hatukujua ni akina nani, walikufa lini wala wanataka nini. Walikuwapo tu, kama wapangaji wa zamani wasiolipa kodi na wasiohamishika.

Barazani pa nyumba ile alikuwa akilala mbwa wa jirani, mzee mmoja msasi wa nguruwe. Bibi hakuruhusu mbwa avuke kizingiti, lakini huyu pale barazani hakumfukuza. Nilipomuuliza sababu, alinijibu bila kuinua macho kwenye ungo: "Huyo ameshazoeana nao." Nilikuwa na miaka 8. Usiku ule nililala fofofo kwa mara ya kwanza tangu shule zifungwe.

Jibu lile hunirudia kila ninapomsomea binti yangu aina fulani ya hadithi ambayo Waingereza wameimudu hasa: hadithi ya mizuka ya watoto isiyomtoa mtoto jasho. Mzuka wake hanyonyi damu, hamkabi mtu usingizini, halipizi kisasi. Anakaa katika nyumba kuukuu, anacheka chumba cha pili, na mara nyingi ana mbwa. Neno lenyewe "mzuka" limetokana na kuzuka, yaani kutokea pasipo hodi. Vijana wa mjini wamelichukua wakalifanya neno la raha. Mtu akisema ana mzuka, ujue amechangamka. Walimu wa lugha na wanune, mimi naona vijana wamelikaribia jambo ninalolitafuta hapa.

Nyumba iliyozaa hadithi bora kabisa ya aina hii ipo kweli, na ukuta wake unaweza kuugusa. Iko katika kijiji cha Hemingford Grey, mkoa wa Cambridgeshire, mashariki mwa Uingereza, kando ya mto Great Ouse. Upande mmoja ina mto, pande tatu ina handaki la maji, hivyo mafuriko yakija nyumba huwa kisiwa. Ilijengwa miaka ya 1130 hivi. Kwa msomaji wa pwani, kipimo kizuri ni maandishi ya Kikufi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye tarehe ya mwaka 1107: fundi wa Kizimkazi na fundi wa Hemingford Grey wanapishana kama kizazi kimoja tu. Tofauti ni kwamba ile nyumba ya Uingereza imelaliwa na watu karibu muda wote tangu hapo, na ni miongoni mwa nyumba kongwe kabisa nchini humo ambazo bado zina wakazi.

Mwaka 1939 ilinunuliwa na mwanamke aitwaye Lucy Boston, mzaliwa wa mwaka 1892, ambaye ndoa yake ilikuwa imevunjika. Aliikuta imefunikwafunikwa na marekebisho ya karne mbili tatu, akaibandua tabaka moja baada ya jingine mpaka akafika kwenye jiwe la mwanzo. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, aliwaalika vijana wa jeshi la anga waliokuwa kambi za jirani waje kusikiliza santuri katika ukumbi wa juu, kwa gramafoni yenye pembe kubwa ajabu. Ebu fikiri: kuta za miaka 800, vijana wamekaa juu ya magodoro na mito, na kila mmoja anajua kesho huenda akarushwa asirudi. Sidhani kama mtu aliyewahi kuwakaribisha wageni wa namna hiyo angeweza kuandika mizuka ya kutisha. Alishawaona wanaoondoka, hofu yake isingekuwa kwamba watarudi.

Kitabu chake cha kwanza cha watoto, The Children of Green Knowe, kilitoka mwaka 1954, mwenyewe akiwa amevuka miaka 60. Picha zake zilichorwa na mwanawe, Peter, aliyekuwa msanifu majengo, na nyumba iliyomo kitabuni ni ile ile aliyokuwa akikaa mwandishi, imebadilishwa jina tu.

Mtoto aitwaye Tolly, umri wake miaka 7, mama amefariki, baba yuko Burma na mke mwingine, anapelekwa kwa mama wa bibi yake ambaye hajawahi kumwona. Treni inakatiza katikati ya mafuriko, na mlangoni mwa nyumba anafikishwa kwa mashua. Bi Oldknow anampokea kama mtu aliyetoka kidogo akarejea. Juu darini kuna kitanda chake, farasi wa mbao wa kubembea, kizimba cha ndege kilicho wazi na sanduku la vitu vya kuchezea. Chini, ukutani, kuna picha ya watoto watatu wa zamani, Toby, Alexander na dada yao mdogo Linnet. Usiku Tolly anasikia gololi zikibingirika sakafuni na mtu akicheka pembeni. Anaweka donge la sukari katika zizi la farasi aliyekufa zamani. Akirudi, sukari haipo.

Baadaye kitukuu anaambiwa kwamba watoto wale walikufa wakati wa Tauni Kubwa ya mwaka 1665. Habari hiyo inamuumiza, na mwandishi hamfichi wala hambembelezi kwa maneno matamu. Kisha maisha ndani ya nyumba yanaendelea, kicheko kinasikika tena, na Tolly anaelewa bila kuhubiriwa kwamba kufa kwao hakukuwafanya waache kuwa watoto wa nyumba hiyo. Bi Oldknow mwenyewe aliwazoea tangu utotoni. Niliposoma sehemu hiyo nilimwona bibi yangu na ungo wake.

Watoto hao wa kale walikuwa na mbwa aliyeitwa Orlando. Sikukuu ya Krismasi inapofika, Tolly anapewa mtoto wa mbwa, na jina anampa lile lile, Orlando. Ni tendo dogo, mtu anaweza kulipita. Lakini hapo ndipo mtoto mpweke anapojiunga na ukoo. Sisi tunaopokezana majina ya mababu tunaelewa upesi kuliko Waingereza wenyewe: ukimwita mjukuu kwa jina la marehemu, umemrudisha marehemu mezani. Tolly hakuwa na mjukuu wa kumpa jina. Alikuwa na mbwa.

Kwa nini mbwa, na si paka, ambaye kwa kukaa kimya na kukodolea macho ukuta mtupu angefaa kabisa kazi ya mizuka? Nimelifikiria sana swali hili, kwa sababu binti yangu aliniuliza. Jibu langu ni kwamba mtoto anayesoma hana kipimo cha kumjua mzuka mwema. Mtu mzima hadithini anaweza kudanganya, na sauti tamu inaweza kuwa mtego. Mtoto yeyote aliyesimuliwa habari za mazimwi anajua hilo. Mkia wa mbwa haudanganyi. Mwandishi akitaka kutisha, humfanya mbwa angurume, malaika ya shingo yamsimame, agome kupanda ngazi. Akitaka kutuliza, mbwa huinua kichwa, hutazama pale pasipo na mtu, hupiga mkia sakafuni mara mbili tatu, kisha hujilaza tena. Basi, mtoto amepata shahidi. Paka angetuacha kwenye mashaka, maana paka hampokei hata aliye hai.

Na mbwa ana jambo jingine: hana kalenda. Yeye anajua harufu, sauti ya hatua, saa ya chakula. Kama mtoto wa mwaka 1665 bado ananukia vilevile, kwake hakuna kilichobadilika. Sisi ndio tunaogawanya walio hai na waliokufa. Mbwa anagawanya wa nyumbani na wasio wa nyumbani, na mgawanyo wake kwa mtoto una maana zaidi.

Si kwamba Waingereza hawana mbwa wa kutisha. Eneo hilo hilo la mashariki ndilo lenye Black Shuck, jibwa jeusi linalosemekana kuvamia makanisa ya Bungay na Blythburgh katikati ya dhoruba ya Agosti 1577. Mlango wa kanisa la Blythburgh hadi leo una alama za kuungua ambazo watu huonyeshana kuwa ni za kucha zake. Arthur Conan Doyle alipotoa The Hound of the Baskervilles mwaka 1902, alikuwa akichota kwenye kisima cha aina hiyo. Mbwa wa hofu ni rahisi kumwandika. Unampa macho ya moto na usiku wenye ukungu, umemaliza. Ugumu uko kwa mbwa anayekaa tu.

Aliyekaa kuliko wote ni Bobby wa Edinburgh. Bwana wake, John Gray, alikuwa mlinzi wa usiku katika polisi ya jiji. Alikufa kwa kifua kikuu mwezi Februari 1858 akazikwa katika uwanja wa kanisa la Greyfriars. Inasimuliwa kwamba mbwa wake, wa mbegu ya kutoka kisiwa cha Skye, alibaki kaburini hapo miaka 14, mpaka naye alipokufa Januari 1872. Mzinga wa ngome ulipolia saa saba mchana, Bobby alikwenda mghahawani kula, kisha akarejea zamu. Mwaka 1867 jiji lilipotaka kila mbwa alipiwe leseni, meya William Chambers alimlipia mwenyewe na kumpa ukanda wa shingo wenye maandishi, ambao upo kwenye makumbusho ya mji huo hadi leo. Mwaka uliofuata kifo chake akasimamishiwa sanamu.

Mtafiti Jan Bondeson alichimba habari hizi akafikia hitimisho kwamba huenda walikuwa mbwa wawili, wa kwanza akafa, wa pili akawekwa mahali pake kimyakimya kwa sababu wageni walikuwa wanaleta fedha. Inawezekana. Wenye migahawa ni watu wa biashara popote duniani. Watoto, hata hivyo, hawajali. Wanakwenda kwenye jiwe lililowekwa mwaka 1981 kwa kumbukumbu ya Bobby, si mbali na lango, na kumwekea vijiti, ili akitoka usiku awe na cha kuchezea. Sehemu nyingine ya makaburi hayo ina sifa mbaya ya mizuka inayokwaruza watu, na watalii wazima hulipa kiingilio waogopeshwe. Watoto wao wanainama pale langoni kuacha kijiti. Nani kati yao ameielewa zaidi biashara ya mizuka, sina haja ya kusema.

Hapa naona msomaji fulani wa Tanga au Lamu ameshakunja uso. Mbwa na nyumba ya Mwislamu, wapi na wapi? Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, tumefunzwa hivyo tangu chuoni. Nakubali, lakini chuoni huko huko tulifunzwa pia habari za Ashabul Kahfi. Vijana waliokimbia dhuluma ya mji wao kwa ajili ya imani wakajificha pangoni, wakalazwa usingizi wa miaka 309, na mbwa wao amenyoosha miguu ya mbele pale kizingitini. Imo katika sura ya 18, ambayo wengi huisoma kila Ijumaa. Wanapozinduka wanamtuma mmoja wao mjini kununua chakula, naye anatoa sarafu za zama zilizopita. Mtu wa karne nyingine amesimama mbele ya muuza mikate! Hakuna hadithi ya nyumba kongwe ya Kiingereza iliyowahi kulipata tukio zuri kama hilo.

Na kuna jambo ambalo mwalimu wangu wa chuo alilipita haraka, mimi nikabaki nalo. Sura inataja watu wanavyobishana kuhusu idadi ya vijana wale. Wapo wasemao ni watatu, wa nne mbwa wao. Wapo wasemao ni watano, wa sita mbwa wao. Wapo wasemao saba, wa nane mbwa wao. Hesabu ya watu inabadilika, lakini mbwa hakuachwa hata mara moja. Alihesabiwa. Kisha angalia alipolala: kizingitini, si ndani wala si nje. Mbwa wa jirani yetu Pangani alikuwa anajua mahali pake kuliko sisi tulivyojua.

Kwa hiyo mwandishi wa pwani anayetaka kuandika hadithi ya namna hii hahitaji kumlaza mbwa kitandani mwa mtoto kama wanavyofanya Waingereza. Baraza linatosha.

Malighafi yapo tele. Ni mtoto gani wa Afrika Mashariki ambaye hajawahi kuambiwa kwamba ukijipaka tongotongo za mbwa utaona asivyoviona mtu? Tuliambiwa ili tuogope, na tuliogopa. Sijakutana na aliyejaribu. Lakini chini ya onyo lile kuna imani kwamba mbwa anaona, na kwamba akibweka usiku pasipo na kitu, kitu kipo. Tumekuwa tukiitumia imani hiyo upande mmoja tu. Hatujawahi kujiuliza mbwa huyo huyo anapotikisa mkia usiku pasipo na kitu, anamtikisia nani.

Nenda Gedi, karibu na Malindi, mji wa mawe uliohamwa katika karne ya 17 na kumezwa na msitu, ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1948, aliandika kwamba siku za mwanzo alihisi kuna kitu kinamtazama kutoka nyuma ya kuta, kisicho adui wala rafiki. Angemuuliza mzee yeyote wa jirani angejibiwa kwa maneno mawili: pana wenyewe. Nimetembea pale saa za asubuhi, kima wakiruka juu ya misikiti isiyo na paa, nikaona visima, vyoo na milango ya nyumba ambazo ukubwa wake unakuonyesha kabisa pa kulala watoto. Walikuwapo watoto Gedi. Walicheza nini? Hakuna kitabu cha Kiswahili nilichokutana nacho kilichowapa hata jina.

Au nenda Amboni, nje kidogo ya Tanga, kwenye mapango ya mawe ya chokaa ambamo watu bado huacha ubani na marashi kwa mizimu. Waongozaji wa pale wana hadithi yao wanayompa kila mgeni. Wazungu wawili waliingia pangoni na mbwa wao, wakapotea, wasionekane tena. Mbwa peke yake ndiye aliyepatikana baadaye, mbali kabisa, huko Kilimanjaro. Inatolewa kama ushahidi kwamba njia za chini kwa chini zinafika mlimani, na kama onyo kwamba usimwache mwongozaji wako. Nimeisikia mara tatu, na kila mara wageni wanauliza habari za njia. Sijamsikia mtu akiuliza habari za mbwa.

Mbwa yule alitembea wapi, gizani, muda wote huo? Alikuwa anawatafuta bwana zake, au walikuwa wameshakufa wakawa wanamtangulia njiani ili atoke salama? Hadithi ya kitoto imekaa pale mlangoni mwa pango, imenyoosha miguu ya mbele, inamngoja mwandishi wa Tanga aje aichukue. Ingekuwa mali ya Waingereza ingeshakuwa kitabu cha picha, mchezo wa redio na vikombe vya chai vyenye sura ya mbwa.

Sisemi zimwi lifukuzwe. Zimwi lina kazi zake. Lile lililomtia binti ndani ya ngoma likamzungusha kijiji hadi kijiji awe anaimba limewafunza watoto wengi wasibaki nyuma njiani kuokota kombe. Ninachosema ni kwamba tumeliachia peke yake usiku wote. Mtoto wa leo akitaka mfu asiyetisha, anampata kwenye runinga: mbwa Zero mwenye pua inayomulika katika The Nightmare Before Christmas ya mwaka 1993, au Dante, koko asiye na manyoya wa filamu ya Coco ya mwaka 2017, anayemfuata kijana Miguel mpaka nchi ya wafu. Coco ni kazi nzuri, na imetoka mahali penye haki nayo. Wamexico wa kale waliamini mbwa wa aina ile humvusha marehemu mto wa ahera, na katika makaburi ya magharibi ya nchi hiyo, yenye umri wa karibu miaka 2,000, wamefukua mbwa wa udongo, wanene, wanaotabasamu. Watu wale walichukua imani ya bibi zao wakaifanya kicheko. Sisi bibi tunao.

Yapo makosa ya kuepuka, na kwa kuwa nimesoma hadithi nyingi mbovu ninajipa ruhusa ya kuyataja. Kosa kubwa ni kueleza. Mwishoni anatokea mjomba anayefafanua kuwa kicheko kilikuwa cha popo na hatua zilikuwa za panya, mtoto anafunga kitabu akiwa amedhulumiwa. Boston hakueleza chochote mpaka alipofariki mwaka 1990, akiwa na miaka 97, ndani ya nyumba ile ile. Kosa la pili ni kumuua mbwa ukurasa wa mwisho ili msomaji alie. Mbwa huishi miaka kumi na ushee, na kwa watoto wengi kifo chake ndicho kifo cha kwanza kukutana nacho. Kukitumia kama kitunguu ni uvivu. Akifa, afe mapema, halafu turudishiwe barazani. Na jina lake lisiwe Simba tena, jamani. Nusu ya mbwa wa nchi hii wanaitwa Simba, na hakuna hata mmoja anayefanana naye.

Nyumba ya Hemingford Grey bado inatembelewa na wasomaji, kwa miadi, na farasi wa mbao yuko juu darini. Nyumba ya bibi yangu imeuzwa, paa limeingia ndani, mlango wa nakshi nao uliondoka siku nyingi. Baraza limebaki. Mara ya mwisho nilipopita pale, miaka miwili iliyopita, alikuwa amelala mbwa mwekundu nisiyemfahamu, katika kivuli, kichwa amekielekeza ndani pasipo na mtu. Binti yangu alitaka kujua anamlinda nani. Nilianza kumsimulia tukiwa bado tunasubiri gari la kurudi Tanga, na kufikia Muheza alikuwa ameshampa mbwa jina na wenyewe watatu.

Nanyi mliokulia katika nyumba za namna hiyo, Bagamoyo, Kilwa, Siu, Pate, Ujiji, ninawaomba: andikeni. Msiojaliwa kuandika, simulieni. Anzeni leo kabla mtoto hajalala, na umeme ukikatika msikimbilie taa.